Nyasi Kavu za Simbilisi: Ubora Wake na Bei Yake

Simbilisi, mnyama mpole asiye na mkia ambaye wenyeji wa milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, walimfuga maelfu ya miaka kabla ya merikebu za Wazungu kufika pwani zao, na ambaye leo hufugwa kwa nyama katika nyanda za Iringa na Njombe na katika vijiji vya Kivu, na mijini hufugwa kwa mapenzi tu ya watoto, ana haja moja inayozipita haja zake nyingine zote: sharti awe na nyasi kavu mbele yake usiku na mchana. Mboga ni kitoweo chake na pumba ni anasa yake, bali nyasi ndizo chakula chenyewe; na mfugaji asiyelijua jambo hili aghalabu hutumia fedha nyingi kwa vitu vinavyomnenepesha mnyama wake bila ya kumpa siha.

Sababu ya haja hii imo katika maumbile yake. Meno yake, ambayo jumla yake ni 20, hayakomi kukua maadamu yu hai, na njia ya asili ya kuyasaga yakabaki katika kimo chake ni kutafuna nyasi ndefu saa baada ya saa. Yakirefuka kupita kiasi humchoma ulimi na mashavu, hata akashindwa kula, na njaa ikamwua ilhali chakula kipo mbele yake. Kadhalika, mwishoni mwa utumbo wake mwembamba pana kifuko kipana ambamo vijidudu visivyoonekana kwa macho huchachusha nyuzinyuzi za majani na kuzigeuza kuwa nguvu ya mwili; kifuko hicho kikikosa nyuzinyuzi, mwendo wa tumbo hupungua, gesi hujaa, na simbilisi aliyepitisha siku nzima bila ya kula huwa amekwisha kuingia katika hatari ya mauti.

Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani humwusia mfugaji anunue nyasi ziitwazo timothy, zilizopata jina lake kwa Timothy Hanson, mkulima aliyezieneza katika makoloni ya Marekani karne ya 18. Ni nyasi njema pasi na shaka, lakini ni nyasi za nchi za baridi, na zikiletwa kwetu kwa meli, ndani ya mfuko mdogo, bei yake huwa ya nauli zaidi kuliko ya nyasi. Wala hapana ulazima huo, kwani fadhila ya timothy ni kuwa na nyuzinyuzi nyingi, protini ya wastani na madini ya chokaa kidogo, na fadhila hizo hizo zimo katika Boma Rhodes, ambayo hulimwa na kufungwa marobota Kenya na Tanzania kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa. Zimo pia katika ukoka unaotambaa viwanjani mwetu, ambao Wamarekani wenyewe hulima namna yake, wakaukausha na kuwalisha simbilisi wao.

Malisho ya jamii ya kunde yahitaji hadhari. Alfalfa ina protini na chokaa nyingi mno, kwa hiyo yawafaa watoto wanaokua na majike wenye mimba au wanaonyonyesha, lakini mnyama mzima akiishi kwa alfalfa peke yake, chokaa inayomzidi hutoka kwa njia ya mkojo, na huweza kugandamana kibofuni ikawa mawe yenye maumivu makali. Majani ya mlusina, ambayo wafugaji wa mbuzi huyapenda, yana sumu iitwayo mimosini iwezayo kumpukutisha mnyama manyoya, basi yasiwe chakula cha simbilisi. Ama mabua ya mpunga, ambayo huuzwa kwa bei ya chini kabisa na humdanganya mnunuzi kwa kufanana kwake na nyasi, ni mabaki yaliyokwisha kutoa lishe yake katika punje. Yafaa kutandikwa bandani, hayafai kuwa mlo.

Namna ya nyasi ikiisha kujulikana, hubaki ubora wake, na ubora hutegemea zaidi wakati wa kukatwa kuliko jina. Nyasi zilizokatwa zilipoanza tu kuchanua zina majani mengi na mashina laini. Zilizoachwa hata mbegu zikakomaa zimekuwa miti mitupu, na mnyama huchagua majani machache yaliyomo na kuyaacha mengine yote. Kwa hiyo mnunuzi asitosheke kutazama upande wa nje wa robota, ambao jua huupausha, bali aombe lifunguliwe, atie mkono katikati na kuvuta fungu. Rangi iwe ya kijani au ya kijani iliyoelekea manjano. Majani yawe mengi kuliko mashina. Harufu iwe tamu na safi kama ya majani makavu ya chai. Nyasi nyeusi au za kahawia ndani, zenye joto, zenye harufu ya uvundo, au zinazotoa vumbi jeupe zinapokung'utwa, zilifungwa kabla ya kukauka, na kuvu imekwisha kuzishika. Nyasi za namna hiyo zisinunuliwe hata zikitolewa bure, kwa kuwa kuvu hutia sumu chakulani, na vumbi lake huingia mapafuni mwa mnyama ambaye maradhi ya pumzi humwua upesi.

Fauka ya hayo, na aulize mnunuzi nyasi zilikatwa wapi. Zilizokatwa kandokando ya barabara hubeba moshi na takataka za magari. Zilizotoka katika shamba lililonyunyizwa dawa za wadudu au za magugu huweza kuhifadhi sumu hiyo hata baada ya kukauka. Achunguze pia kama humo hamna miiba, wala masuke yenye ncha kali zichomazo macho na ufizi, wala majani ya mnanaha na mbarika, ambayo sumu yake haiondoki kwa kukaushwa.

Sasa tuje kwenye bei. Simbilisi mzima mwenye uzito wa kilo 1 hula takriban gramu 60 za nyasi kavu kwa siku, na tukihesabu zile anazozimwaga na kuzikojolea, tuseme gramu 100. Wanyama wawili, basi, watahitaji gramu 200 kila siku, na robota la kilo 15 litawatosha kwa siku 75. Mwenye kuishika hesabu hii hatanunua kwa kutazama ukubwa wa robota, maana marobota hayalingani, na lililofungwa kwa ulegevu huonekana kubwa ilhali ni jepesi; ataomba mizani, agawanye bei kwa kilo, kisha alinganishe na mfuko wa dukani. Waliosema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema kweli hata kwa nyasi: picha nzuri juu ya mfuko haiongezi lishe iliyomo.

Wakati wa kununua nao una faida yake. Masika yanapokwisha na kusi kushika, mashamba huvunwa, nyasi huwa bado na majani, jua huzikausha vizuri, na bei hushuka. Kiangazi kinapokaza, wafugaji wa ng'ombe hugombania marobota yaliyosalia na bei hupanda. Ni hekima kununua akiba wakati wa mavuno, na wasio na nafasi ya kuweka robota zima washirikiane jirani na jirani. Wakazi wa Dar es Salaam na Pwani wana shamba la malisho la serikali pale Vikuge, Kibaha. Wengine na waulize kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walio karibu nao, ambao hujua vizuri kuliko wenye maduka ni nani auzaye nyasi za kuaminika.

Mwenye kiwanja cha ukoka kisichotiwa dawa wala kuchafuliwa na mbwa anaweza hata kujitengenezea nyasi kavu. Akate asubuhi umande ukiisha kukauka, atandaze safu nyembamba, ageuze mara kwa mara, na jioni azikusanye zisije zikapata umande wa usiku; kwa siku mbili au tatu za jua kali zitakuwa tayari, na alama yake ni kwamba shina likipindwa hukatika badala ya kukunjika. Asiwape wanyama vipande vibichi vilivyotoka katika mashine ya kukatia majani, kwani hivyo hupata moto na kuchacha kwa saa chache tu.

Akiba iwekwe juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta, mahali penye hewa na kivuli. Isifungwe ndani ya plastiki, hasa katika unyevu wa pwani, wala isiachwe wazi kwa panya, ambao mkojo wao huleta maradhi. Wakati wa kulisha, nyasi zitiwe katika hori dogo lililoinuliwa kidogo, ili zisikanyagwe, na hapo hasara nyingi itakuwa imeepukwa.

Hata hivyo, nyasi kavu pekee hazitoshi. Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, walionyesha kwamba simbilisi wanaolishwa nafaka tupu hupata kiseyeye, na sababu yake leo yajulikana: mwili wao, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C, na kukausha nyasi huiangamiza vitamini hiyo. Kila siku, basi, mnyama apewe kidogo cha mboga mbichi, kama pilipili hoho au sukuma wiki.

Nawasihi wafugaji wasione haya kulifungua robota, kulinusa na kulipima kabla ya kutoa fedha zao. Boma Rhodes ya shamba la karibu, iliyokatwa kwa wakati na kukaushwa vizuri, humlisha simbilisi sawasawa na timothy iliyovuka bahari, na fedha inayookolewa yatosha kumnunulia mboga zake.