"Serikali Itakurudishia Hela": Fanya Hesabu Hii Kabla Hujasaini Mtambo Mpya wa Joto na Baridi

Wadau wa biashara ndogo, leo tunaongea zaidi na wenzetu walioko Marekani, hasa nyie mnaofanyia kazi nyumbani: mnaolea watoto wa watu sebuleni, mnaosuka nywele, mnaopika sambusa na mandazi za oda. Mlioko Dar, Mombasa na Bukavu msiondoke. Funzo la bei lililomo humu ni lenu pia.

Kwa mtu wa aina hii, nyumba ndo duka. Hita ikizima Januari na nje kuna barafu, hakuna mzazi atakayekuachia mtoto. AC ikifa Julai kule Texas au Arizona, mteja gani atakaa saa tano kwenye kiti anasukwa? Kwa hiyo mtambo wa joto na baridi ni kitendea kazi, kama cherehani kwa fundi nguo. Ukilala, na hela inalala.

Shida ni kwamba mtambo wenyewe ni maelfu ya dola. Hapo ndipo muuzaji anapokuja na sentensi tamu: "Usiogope bei, serikali itakurudishia dola 2,000." Kwa miaka mitatu sentensi hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini hata wakati huo haikuwa kweli kwa kila mtu, na waliokuwa wanaachwa nje mara nyingi ni wafanyabiashara wadogo kama sisi. Tuielewe vizuri.

Vitu vitatu ambavyo watu huviita jina moja

Kwanza kuna punguzo la bei. Mtambo ni dola 9,000, unapunguziwa 1,000, unatoa 8,000. Hela imebaki mfukoni mwako leo leo.

Pili kuna rejesho. Hapa kampuni ya umeme, kampuni ya gesi au jimbo linakulipia sehemu ya gharama. Mengine hukatwa palepale kwenye ankara ya fundi, mengine unalipa kwanza halafu unatuma risiti na kusubiri hundi.

Tatu kuna nafuu ya kodi. Hii haikupi hela mkononi. Inapunguza kodi unayodaiwa unapowasilisha hesabu zako za mwaka. Kama kodi ya kupunguza haipo, hakuna unachopata.

Muuzaji akisema "utarudishiwa", swali lako la kwanza liwe: ni kipi kati ya hivi vitatu?

Ile dola 2,000 ilitoka wapi

Sheria iliyosainiwa Agosti 2022, ile inayoitwa Inflation Reduction Act, ilipanua nafuu ya kodi kwa watu wanaoboresha nyumba zao. Kuanzia mwaka 2023 ungeweza kudai asilimia 30 ya gharama, lakini kwa kikomo. Pampu ya joto ilikuwa na kikomo cha dola 2,000 kwa mwaka. AC kubwa ya nyumba nzima au hita ya gesi yenye ufanisi wa juu, kikomo kilikuwa dola 600.

Kwa wasioijua, pampu ya joto ni mtambo mmoja unaofanya kazi mbili. Gusa nyuma ya friji yako utasikia joto: friji haitengenezi baridi, inatoa joto ndani na kulitupa nje. Pampu ya joto inafanya hivyo kwa nyumba nzima wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi inageuza, inavuta joto la nje na kuliingiza ndani. Kwa kuwa inahamisha joto badala ya kulitengeneza, umeme wake huzaa joto mara mbili hadi nne ya lile la hita ya kawaida ya umeme. Ndo maana serikali ilitaka watu waifunge.

Sasa sikia vizuri. Sheria nyingine iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imeifuta nafuu hiyo kwa mitambo yote iliyofungwa baada ya tarehe 31 Desemba 2025. Kinachohesabika ni tarehe ambayo mtambo ulimaliza kufungwa na kuanza kazi, siyo tarehe uliyolipa. Uliyelipa Desemba 2025 na fundi akaja Januari 2026, umekosa. Na mtu akikuambia leo kwamba ukifunga mpya utapata ile 2,000 ya kodi ya serikali kuu, anakuingiza mjini.

Matundu ambayo muuzaji hakuyataja

Tunayaeleza kwa sababu wako wengi waliofunga mtambo kati ya 2023 na 2025 na bado wana nafasi ya kudai. Lakini lazima ujue unadai nini.

Tundu la kwanza, na ndo kubwa kwa mfanyabiashara mdogo: nafuu hii ilipunguza kodi ya mapato tu. Haikugusa ile kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3. Chukua mfano wa mama mmoja anayelea watoto nyumbani, mwenye watoto wake na hana mume wa kuchangia. Tuseme mwaka 2024 alibaki na faida ya dola 18,000. Kodi ya kujiajiri itamfikia zaidi ya dola 2,500, na ataitoa kwa machungu. Lakini kodi ya mapato? Mzazi anayeongoza kaya peke yake alikatiwa dola 21,900 mwaka huo kabla ya kodi kuanza kuhesabiwa. Faida yake haifiki hapo. Kodi ya mapato ni sifuri, kwa hiyo nafuu yake nayo ni sifuri. Amefunga pampu ya dola 9,000 akisubiri 2,000 ambayo haiji.

Na kilichozidi hakikuhamia mwaka unaofuata. Kama kodi yako ya mapato ilikuwa dola 1,100 na nafuu ni 2,000, ulipata 1,100. Ile 900 imepotea.

Tundu la pili: sehemu ya nyumba inayotumika kwa biashara. Kama biashara inachukua hadi asilimia 20 ya matumizi ya nyumba, ungeweza kudai nafuu yote. Ikizidi hapo, unadai kwa ile sehemu ya makazi peke yake. Tuseme asilimia 40 ya nyumba ni ya watoto unaowalea. Kwenye mtambo wa dola 9,000, gharama inayohesabika ni 5,400, na asilimia 30 yake ni dola 1,620. Ile asilimia 40 ya biashara usiitupe. Inaingia kwenye hesabu ya gharama za biashara yako kwa kanuni zake, na hapo mtu anayekuandalia kodi anapaswa kujua kwamba unafanyia kazi nyumbani.

Tundu la tatu: marejesho hupunguza gharama unayodai. Kampuni ya umeme ikikurudishia 1,500 kwenye mtambo wa 5,000, asilimia 30 inahesabiwa kwenye 3,500. Huwezi kudai nafuu kwa hela ambayo hukuitoa wewe.

Tundu la nne: siyo kila mtambo ulifaa. Ulitakiwa kufikia daraja la ufanisi lililowekwa, na kwa mitambo iliyofungwa 2025 ilihitajika pia namba ya utambulisho ya mtengenezaji kwenye fomu. Pia ilibidi uwe unaishi kwenye nyumba hiyo. Mpangaji aliyelipia mwenyewe aliruhusiwa. Mwenye nyumba anayepangisha na haishi humo, hapana.

Kama ulifunga na hukudai, bado hujachelewa

Watu wengi walifunga mtambo, wakalipa, wakasahau. Kwa kawaida una miaka mitatu tangu uwasilishe hesabu za mwaka husika kuomba marekebisho. Hesabu za mwaka 2023 zilizowasilishwa kwa wakati mwanzoni mwa 2024 zinakupa mpaka katikati ya Aprili 2027. Za 2024, mpaka katikati ya Aprili 2028.

Unahitaji mambo manne tu:

1. Ankara na risiti zinazoonyesha bei, aina ya mtambo na tarehe ya kufungwa.
2. Cheti cha mtengenezaji kinachosema mtambo huo unastahili. Mara nyingi kipo kwenye tovuti yao.
3. Hesabu zako za kodi za mwaka huo, uone kama ulikuwa na kodi ya mapato ya kupunguzwa. Kama haikuwepo, usimlipe mtu akujazie fomu za bure.
4. Fomu 5695 ya nafuu yenyewe, pamoja na Fomu 1040-X ya marekebisho.

Leo kimebaki nini?

Nafuu ya kodi imeondoka, lakini mlango haujafungwa wote.

Kuna marejesho ya majimbo. Sheria ileile ya 2022 ilitenga dola bilioni 8.8 za marejesho ya nyumba, zigawiwe kupitia majimbo. Kwa familia ambayo mapato yake hayafiki asilimia 80 ya mapato ya kati ya eneo lao, mpango mmojawapo unaweza kubeba gharama yote ya pampu ya joto mpaka dola 8,000. Walio kati ya asilimia 80 na 150 wanabebewa hadi nusu ya gharama. Hii ni habari njema kwa yule mama wa juu, kwa sababu haijali kama ana kodi au hana, na hukatwa kwenye ankara. Ila majimbo hayaendi pamoja. New York ilianza mwaka 2024, South Dakota ilikataa hela hizo kabisa, na kwingine fungu huisha au husimamishwa. Piga simu ofisi ya nishati ya jimbo lako kwanza. Kibali kinatangulia, ufungaji unafuata. Ukianza kufunga ndo uombe, utaambiwa pole.

Kuna marejesho ya kampuni za umeme na gesi. Angalia jina lililoko kwenye bili yako, ingia kwenye tovuti yao, tafuta sehemu ya marejesho. Kiasi kinatofautiana, na mara nyingi wanataka utumie fundi aliyeko kwenye orodha yao.

Halafu kuna misaada ambayo watu wetu wengi hawaiombi. Mpango wa Weatherization Assistance Program upo tangu 1976. Unaziba nyufa, unaweka kinga ya joto kwenye dari na kuta, na unaweza kutengeneza hita, bila malipo, kwa kaya ambazo mapato yake hayazidi mara mbili ya kiwango cha umaskini cha serikali. Mpangaji anaweza kuomba kwa ridhaa ya mwenye nyumba. Upo pia LIHEAP, unaosaidia bili za joto na baridi, na katika majimbo mengi husaidia hita inapokufa ghafla katikati ya baridi.

Anza na kuziba nyufa hata kama una hela ya mtambo. Nyumba isiyovujisha joto inahitaji mtambo mdogo, na mtambo mdogo ni bei ndogo.

Maswali ya kumuuliza fundi kabla ya kalamu

- Bei ya mwisho ni ngapi bila rejesho lolote? Niandikie.
- Hilo rejesho linatoka kwa nani, na ni nani anayejaza fomu, mimi au wewe?
- Linakatwa kwenye ankara, au nalipa kwanza nasubiri?
- Likikataliwa, nani anabeba pengo?
- Mtambo utamaliza kufungwa lini?

Chukua bei za mafundi watatu. Sisi wauzaji tunajua siri hii: mteja akishajua kuna hela inakuja kutoka pembeni, habishani sana, na bei inapata nafasi ya kupanda. Kwa hiyo linganisha bei kamili na bei kamili. Usilinganishe bei kamili ya mmoja na "baada ya rejesho" ya mwingine.

Na kama unachukua mkopo, piga hesabu ya marejesho ya kila mwezi kana kwamba hakuna hata senti itakayokuja. Mkopo una tarehe yake, hundi ya rejesho haina. Ukiweza kulipa hivyo bila kugusa mtaji wa biashara, saini. Hela ya rejesho ikija, iingie kwenye akiba ya dharura. Kama hesabu inakubali tu pale rejesho linapokuja, basi mtambo huo bado si wako.

Hili ndo funzo kwa wa nyumbani pia. Iwe ni friji ya duka, sola ya saluni au mashine ya juisi inayouzwa kwa "ofa ya kurudishiwa", bei ya kweli ni ile inayotoka mfukoni mwako leo. Inayorudi kesho ihesabu ikishafika.

Kama unamjua mtu aliyefunga pampu ya joto tangu 2023 na hajadai, mtumie makala hii leo. Huenda kuna hela yake imelala, na tarehe hazimsubiri mtu.