Meli za kitalii: Burudani usiku na mchana, lakini si yote yamo kwenye tiketi

KWA wakazi wengi wa Dar es Salaam, safari ya meli maana yake ni kuvuka kwenda Unguja. Abiria hupanda boti asubuhi, hukaa kitini kwa muda wa saa mbili hivi, na jambo pekee analolisubiri ni kufika.

Katika meli za kitalii mambo ni kinyume. Abiria huifuata meli yenyewe. Hulala, hula na kustarehe humo kwa wiki nzima, na mara nyingi hushukia bandari ile ile aliyopandia.

Biashara hii ilishika kasi baada ya ndege za jeti kuanza kubeba abiria kuvuka Bahari ya Atlantiki mwaka 1958. Wasafiri waliokuwa wakitumia siku kadhaa baharini kati ya Ulaya na Marekani walihamia angani, nazo kampuni za meli zikalazimika kutafuta sababu nyingine ya kumfanya mtu akate tiketi. Sababu iliyopatikana ni burudani.

Mfano mkubwa ni Icon of the Seas, iliyojengwa Turku, Finland, na kuanza safari yake ya kwanza ya kibiashara kutoka Miami, Marekani, Januari 27, 2024. Ina urefu wa meta 365 na sitaha 20, na ikijaa hubeba abiria wapatao 7,600 pamoja na wafanyakazi 2,350. Ndani yake mna mabwawa saba ya kuogelea, bustani yenye mimea hai na kiwanja cha kuteleza juu ya barafu. Kiwanja cha namna hiyo kilionekana melini kwa mara ya kwanza mwaka 1999, katika Voyager of the Seas.

Siku inavyokwenda

Shughuli ya kwanza si ya starehe. Kila abiria hufundishwa mahali pa kukusanyika hatari inapotokea na namna ya kuvaa jaketi la kuokolea maisha.

Zamani sheria iliruhusu zoezi hilo lifanyike ndani ya saa 24 baada ya abiria kupanda. Januari 13, 2012, meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakapoteza maisha. Mamia ya abiria waliokuwa wamepanda siku hiyo walikuwa bado hawajafanya zoezi. Baada ya ajali hiyo kanuni za kimataifa zilibadilishwa, na sasa zoezi hufanyika kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka.

Baada ya hapo maisha huongozwa na ratiba. Kwa miaka mingi ilikuwa karatasi iliyoachwa chumbani kila jioni. Siku hizi abiria wengi huisoma kwenye simu. Asubuhi kuna mazoezi ya viungo na mihadhara juu ya bandari inayofuata. Mchana kuna michezo ya bwawani, mafunzo ya dansi na chemsha bongo. Usiku kuna muziki, vichekesho na maonyesho ya jukwaani.

Ratiba hiyo ina kazi nyingine isiyoonekana, nayo ni kugawa umati. Hakuna ukumbi unaoweza kuwapokea abiria wote kwa pamoja. Kwa hiyo katika meli nyingi chakula cha jioni huandaliwa kwa zamu mbili, na onyesho lile lile huonyeshwa mara mbili usiku huo huo. Kundi moja likiwa mezani, jingine liko ukumbini, kisha hubadilishana.

Wagumu kugawa ni wale wa bwawani. Siku ambayo meli haitii nanga popote, wapo wanaoamka alfajiri kuweka taulo juu ya viti ili wavikute mchana. Meli nyingine huwaagiza wahudumu kuziondoa taulo hizo muda fulani ukipita bila mwenyewe kuonekana.

Kisichomo kwenye tiketi

Tiketi kwa kawaida hulipia malazi, milo katika migahawa mikuu, mabwawa na maonyesho mengi. Vileo, soda, intaneti, kukandwa mwili, migahawa maalumu na ziara za nchi kavu hulipiwa kando. Matibabu ya melini nayo hulipiwa, na huweza kuwa ghali sana kwa asiye na bima ya safari.

Fedha taslimu haitumiki sana. Abiria hupewa kadi ambayo hufungua mlango wa chumba chake na pia hulipia anachonunua, kisha hesabu yote huletwa mwishoni. Katika kampuni nyingi bahashishi ya wahudumu huongezwa humo kwa kila mtu, kwa kila siku. Kwa kuwa mkono hauhesabu noti, ni rahisi mtu kusahau alichotumia.

Hata saa za kasino zina sababu yake. Kwa kawaida hufungwa meli ikiwa bandarini na kufunguliwa ikishatoka katika maji ya nchi husika, ambayo kwa Sheria ya Bahari hufika hadi maili 12 za baharini kutoka pwani. Maduka yasiyotozwa ushuru hufuata utaratibu kama huo.

Wakati mwingine hata nchi kavu ni mali ya kampuni. Safari nyingi za Icon of the Seas hupitia CocoCay, kisiwa cha Bahamas kinachoendeshwa na kampuni yenyewe, ambako kadi ya melini ndiyo hutumika.

Wanaofanya kazi

Starehe hiyo hutegemea watu wanaoishi sitaha za chini, wengi wao wawili katika chumba kimoja, kwa mikataba ya miezi kadhaa na kazi ya siku saba kwa wiki. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, wa Shirika la Kazi Duniani, ulioanza kutumika mwaka 2013, unataka wapate mapumziko ya angalau saa 10 katika kila saa 24. Msimamizi mkuu wa masharti hayo ni nchi ambayo meli imesajiliwa. Icon of the Seas, inayoondokea Miami, imesajiliwa Bahamas.

Vijana wa Afrika Mashariki wanaotafuta ajira hizo wana jambo moja la kukumbuka. Mkataba huo, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumpatia kazi. Gharama anazoweza kubeba mwenyewe ni za pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha afya. Anayedai fedha zaidi ya hizo ili akupatie nafasi anapaswa kutiliwa shaka.

Kabla ya kupanda

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anayepandia Marekani huhitaji viza ya kuingia nchini humo zaidi ya mara moja, kwa sababu meli hutoka na kurudi.

Saa ya kurejea melini nayo si ya mzaha. Machi 2024 abiria wanane wa Norwegian Dawn walichelewa kurudi kutoka ziarani katika kisiwa cha São Tomé. Walinzi wa pwani waliwafikisha hadi ubavuni mwa meli iliyokuwa bado imetia nanga, lakini hawakuruhusiwa kupanda. Waliifuata kwa ndege hadi Gambia, ambako meli ilishindwa kutia nanga, kisha kwa barabara hadi Senegal, ndipo wakaipata.

Kuhusu fedha, wenye uzoefu hupanga kiwango cha matumizi kabla ya kuondoka nyumbani na kukagua hesabu ya kadi kila jioni. Kosa linaloonekana siku hiyo hiyo ni rahisi kurekebishwa kuliko lile linalogunduliwa asubuhi ya mwisho, wakati mizigo imekwisha kutolewa na abiria wote wamepanga foleni ya kushuka.