Wazo ni zuri, bei je?

Kila Julai kwenye viwanja vya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, mabanda ya wajasiriamali wadogo hujaa siagi ya karanga, unga wa lishe, achari na sabuni za mwani. Watu wanaonja, wanasifia, wananunua kopo moja la kwenda nalo nyumbani. Bidhaa nyingi pale ni nzuri kweli, na bado si zote zinazofika mwaka unaofuata. Kwa mtazamo wangu, mara nyingi kinachoziua si ladha wala kukosa wateja, bali ni bei aliyoipanga mwenye biashara mwenyewe.

Tuchukue siagi ya karanga. Tuseme mama mmoja amenunua kilo 10 za karanga kwa shilingi 4,000 kila kilo. Anazichagua, anatupa zilizosinyaa na zilizoota ukungu, anazikaanga, anazisugua na kupepeta maganda. Zinabaki kilo 8. Akisagisha anapata makopo 20 ya gramu 400. Anagawa 40,000 kwa 20, anapata 2,000, anaongeza 1,000 ya faida na kuuza kwa 3,000. Majirani wanagombania. Baada ya wiki chache hana hela ya kununulia karanga nyingine, na haelewi fedha zimekwenda wapi.

Zimekwenda hivi. Kopo na mfuniko wake 600, lebo 200, kusagisha 400, mkaa 200, nauli ya kufuata karanga na kusambaza mzigo 300. Hiyo ni 1,700 kwa kila kopo. Ukijumlisha na karanga, kopo limemgharimu 3,700. Kila alipouza kwa 3,000 alimpa mteja siagi pamoja na shilingi 700 za mtaji wake, na hapo hajajilipa hata senti kwa muda wote aliosimama kwenye moto. Namba hizi ni za mfano tu, bei za sokoni hupanda na kushuka. Weka za mtaani kwako, ila usiruke mstari hata mmoja.

Likija suala la maduka, mambo yanakuwa magumu zaidi. Mwenye duka naye anataka faida yake, na mara nyingi atapokea mzigo kwa mali kauli: acha makopo, yakiuzwa njoo uchukue hela. Kwa mtaji wa kilo 10, kuacha makopo yote 20 kwenye duka la mali kauli ni sawa na kufunga jiko. Heri kuanza na wanunuzi wa taslimu: majirani, kazini, kanisani, msikitini, wazazi wa shuleni. Mteja anayerudi kununua kopo la pili bila kukumbushwa ana thamani kuliko sifa zote za kwenye maonyesho.

Bei mbovu ina ubaya mwingine unaonigusa sana. Zile kilo mbili zilizopotea, sehemu yake ni karanga zenye ukungu, na kwenye ukungu ndimo inamoweza kuwamo sumukuvu. Kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu zaidi ya mikrogramu 10 kwa kilo. Mtu ambaye hesabu zake zimembana atashawishika kusaga karanga zote, mbovu na nzima. Ndiyo maana gharama ya kutupa lazima iingizwe kwenye bei tangu mwanzo. Anayetaka kwenda mbele apite SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo tangu 1973, kisha apeleke bidhaa yake TBS, shirika la viwango, ikapimwe.

Daftari la mauzo na matumizi linalipa hata kwa mtoza kodi. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka alitozwa 100,000 kama hana kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 5 na kuandika, kodi yake ilikuwa 30,000.

Halafu kuna mkopo. Wengi huukimbilia pale mtaji unapokatika, na mara nyingi ni ule wa kausha damu, wa marejesho ya kila siku au kila wiki. Mkopo wa halmashauri una nafuu kubwa: hauna riba, na sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani itengwe, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini hata huo hautibu bei mbovu. Anayepoteza 700 kwa kopo akipewa fedha za kutengeneza makopo 500, atapoteza 350,000, na deni litabaki pale pale.

Kwa hiyo naomba maofisa maendeleo ya jamii, kabla hamjasoma andiko la mradi la kikundi chochote, mwambieni mwenyekiti awaonyeshe gharama ya kopo moja, mstari kwa mstari. Asiyeweza, msimnyime mkopo. Kaeni naye mpige hesabu hiyo pamoja, ndipo fedha zitoke.