Foto Mbichi na Foto Iliyopikwa

Watu wengi wanafikiri kwamba mashini ya foto ya siku hizi, ile isiyotumia filmu, inatunza picha ndani yake kama vile kioo kinavyoonyesha uso. Sivyo. Mashini inaandika hesabu, basi. Lakini kuna namna mbalimbali za kuziandika hesabu hizo, na namna moja inatupa mambo mengi ambayo ingine inayatunza. Anayejua tofauti hiyo hatapoteza ovyo foto ambayo haiwezi kupigwa mara ya pili.

Tutazame kwanza jicho la mashini. Nyuma ya lensi kuna kibao kidogo chenye vijicho vingi sana. Katika mashini nyingi za leo viko 6000 kwa urefu na 4000 kwa kimo, ndiyo kusema milioni 24. Kila kijicho kinapima nguvu ya mwangaza tu; rangi hakiijui hata kidogo. Ndiyo maana Bryce Bayer, mtaalamu wa kampuni Kodak kule Marekani, alitunga namna ya kuweka mbele ya kila kijicho kichujio cha rangi moja, naye akapata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1976. Nusu ya vichujio ni kijani, robo nyekundu, robo buluu. Kijani ni nyingi kupita sababu jicho letu linapambanua mwangaza zaidi katika rangi hiyo. Basi kila kijicho kinajua rangi moja tu. Rangi mbili zingine zinatafutwa kwa hesabu, kwa kuuliza majirani.

Mashini ikiandika vipimo hivyo jinsi vilivyo, tunapata fishie ambayo wapiga foto wanaiita RAW, maana yake mbichi. Haijawa picha bado. Inafanana na negatifu ya zamani: mwenye kujua kazi ataitengeneza katika ordinateri, na negatifu yenyewe itabaki salama. Kila kijicho kinaandikwa kwa biti 12 ao 14; kwa biti 14 kuna daraja 16 384 kati ya giza na mwangaza. Ubaya wake ni huu: kila kampuni ina lugha yake. Canon inaandika CR2 ao CR3, Nikon NEF, Sony ARW. Nani atazisoma miaka 50 mbele? Kwa sababu hiyo kampuni Adobe ilitoa mwaka 2004 namna moja iitwayo DNG, nayo ikatangaza kanuni zake wazi ili kila fundi aweze kuzifuata.

Namna ya pili ni JPEG, na hiyo ndiyo tunayoikuta kila pahali. Jina ni la kamati ya wataalamu waliokusanyika tangu mwaka 1986; kanuni yao ilikubaliwa mwaka 1992. Hapa mashini inapika yenyewe. Inatafuta rangi zinazopunguka, inaamua nyeupe ni ipi, inapunguza daraja mpaka 256 kwa kila rangi. Kisha inakata picha katika vipande vya nukta 8 kwa 8. Ndani ya kila kipande, kwa njia ya hesabu ambayo Nasir Ahmed na wenzake waliitangaza mwaka 1974, inatenganisha mambo yanayobadilika polepole na yale madogo yanayobadilika upesi. Hayo madogo, ambayo jicho haliyaoni vizuri, inayakadiria tu ao kuyafuta. Picha ambayo ingekuwa na mega 72 inaweza kushuka chini ya mega 10, na mtazamaji hatambui kitu. Ni akili kubwa kweli, wala nisisikilizwe kama mtu anayeidharau.

Lakini kilichotupwa hakirudi. Muhogo unaweza kuwa bukari. Bukari haiwezi kurudi kuwa muhogo. Tuseme mtu mweusi amesimama mbele ya ukuta unaopigwa na jua. Mashini inafuata ukuta, na uso wake unatoka giza tupu. Katika fishie mbichi macho na mashavu yamo bado, unaweza kuyainua. Katika JPEG utainua matope. (Pahali mwangaza ulipozidi nguvu ya kijicho, hata fishie mbichi haina kitu.)

Wengine watauliza: je, JPEG inaharibika kila tunapoifungua? Hapana. Kuitazama ao kuinakili hakuiharibu. Kuibadilisha na kuiandika tena ndiko kunakotupa mara nyingine. WhatsApp nayo inapunguza foto inayopita kwa njia ya kawaida. Mzee akifariki, jamaa wanataka picha yake kubwa ya matanga, na mkononi wana ile tu iliyopita katika telefone tano. Mwenye foto ya kwanza aitume kama hati, siyo kama foto. Ndivyo itafika nzima.

Juu ya ukweli wa foto, mabishano yapo. Mwaka 2015 shirika la habari Reuters liliwaambia wapiga foto wa kujitegemea wasilete tena foto zilizotengenezwa kutoka fishie mbichi, ila JPEG zilizotoka hivyo katika mashini. Shindano la World Press Photo, kinyume, linataka kuona fishie ya kwanza kabisa ili kupima kama mkono wa mtu umeongeza ao umeondoa kitu. Kwangu mimi shindano lina haki zaidi, sababu JPEG nayo imekwisha kuamuliwa na fundi wa kampuni, mtu ambaye hakuwako pale foto ilipopigwa.

Tangu mwaka 2017 telefone za Apple zinaandika pia HEIC, ndogo kupita JPEG, lakini ordinateri nyingi za zamani haziifungui. Mashini nyingi zinakubali kuandika RAW na JPEG pamoja: ya pili utaitoa siku ileile, ya kwanza utaiweka katika diski mbili, kila moja nyumba yake.