Toka Pugu Hadi Salenda

Mtu asimamaye juu ya Daraja la Salenda asubuhi na mapema, maji yakiwa yamekupwa, huona miji miwili kwa kugeuza shingo tu. Upande wa bahari limelala Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, refu kuzidi kilomita moja, na nyuma yake majumba marefu ya Upanga. Upande wa bara hakuna jumba. Kuna tope jeusi lenye kung'aa, mikoko iliyosimama juu ya mizizi yake, yangeyange watatu wanne wanaotembea kwa adabu kama mashemasi, na katikati ya hayo yote chupa za plastiki zisizo na hesabu. Wapitao kwa magari hufunga vioo kwa sababu ya harufu. Hivyo ndivyo wenyeji wengi wa Dar es Salaam wanavyolijua hori la Msimbazi: kwa pua, na kwa muda wa dakika mbili.

Jambo hili ni la ajabu kidogo, kwa kuwa jina la Msimbazi halituondoki kinywani. Simba hujiita Wekundu wa Msimbazi, na Yanga ni watoto wa Jangwani. Basi mahasimu hawa wawili, wanaotugawa nyumba kwa nyumba kila msimu wa mpira, wote wamekopa majina yao katika bonde moja la mto mmoja. Lakini ukimwuliza shabiki wa timu yoyote kati ya hizo kwamba mto huo watoka wapi, aghalabu atakuonyesha kidole upande wa Kariakoo, kisha atanyamaza.

Mto huu watoka katika vilima vya Pugu na Kisarawe, vilima ambavyo vilele vyake vyafika kama mita 300 juu ya bahari. Wengi walijua Pugu kwa ajili ya shule yake, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha kabla ya kujiuzulu mwaka 1955. Wachache waliujua kwa ajili ya msitu wake. Msitu wa Pugu na ndugu yake wa Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani, yenye miti na viumbe visivyopatikana mahali pengine ila katika ukanda huu mwembamba wa Afrika ya Mashariki. Kwa miaka mingi misitu hiyo imekatwa kwa ajili ya mkaa, nao mkaa huo umepikia wali katika nyumba zetu wenyewe. Huko maji ya Msimbazi huanza yakiwa safi. Kisha huteremka kwa mwendo wa kilomita kama 36 mpaka baharini, yakipita Kinyerezi, Tabata, Vingunguti, Kigogo na Jangwani, na njiani hupokea vijito vingine: Luhanga, Ubungo, Sinza, na ule Mto Ng'ombe upitao kando ya Tandale. Mtu anaweza kuufuata mto mzima kwa miguu katika siku mbili, kama viatu vyake ni imara na kama hana haya ya kuuliza njia katika nyua za watu.

Mwandishi huyu aliufuata vipande vipande. Sehemu iliyomshangaza kuliko zote ni ile ya mwisho, hori lenyewe, ambapo mto na bahari hukutana.

Tuseme wazi hori ni kitu gani. Si mto, wala si bahari. Ni mkono wa bahari ulioingia katika nchi kavu, na kwa kuwa maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu wakati wa bamvua, mkono huo hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Viumbe wa mahali pa namna hiyo lazima wawe wavumilivu. Asubuhi huogeshwa na chumvi, adhuhuri huchomwa na jua, na siku ya mvua hufunikwa na maji matamu yenye tope. Mti wa kawaida ungekufa katika wiki moja. Mikoko imejifunza. Mchu hutokeza juu ya tope mizizi midogo iliyosimama wima kama kalamu za risasi, mamia kwa mamia, nayo ndiyo pua zake, maana ndani ya tope hakuna hewa. Chumvi inayomzidi huitoa kwa majani yake. Ukilamba jani la mchu utaionja. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, hauangushi mbegu tupu. Mbegu yake huota ingali juu ya mama, ikawa kijiti kirefu cha kijani, kisha huanguka ikiwa tayari kushika tope au kuelea mpaka ipate mahali.

Chini ya mizizi hiyo wamo kaa, mmoja wao mwenye gando moja kubwa analolipunga kana kwamba anasimamia magari barabarani. Wamo visamaki wanaorukaruka juu ya tope kama vyura. Na wamo watoto wa samaki na wa kamba, ambao hujificha humo mpaka wapate nguvu ya kutoka nje. Wavuvi wa zamani walijua jambo hili bila kwenda shule: ukikata mikoko leo, nyavu zitakuwa nyepesi baada ya miaka michache. Kadhalika mikoko hupunguza nguvu ya mawimbi, na huzuia mchanga na takataka ndogo zisipite. Ni chujio. Lakini chujio likijaa taka nalo haliwezi tena kuchuja, na katika hori la Msimbazi mizizi ya mchu, ile pua tuliyoitaja, imefunikwa mahali pengi na mifuko, matambara na tope jipya. Mti uliozibwa pua hufa ukiwa umesimama.

Kunguru ndio wanaonufaika. Ndege hawa si wenyeji. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, ati wale takataka za mji. Takataka wamezila, na hawakukomea hapo. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, na wameenea pwani yote.

Sasa tuje kwenye mafuriko, kwa sababu hayo ndiyo yanayoufanya mji uukumbuke mto wake. Watu husema mvua ni nyingi kuliko zamani. Yawezekana, na mvua ya Desemba 2011 ilikuwa kubwa kweli, ikaua watu zaidi ya 40 katika mji huu, na baadhi ya walionusurika wakahamishiwa Mabwepande. Lakini mvua peke yake haielezi mambo yote. Bonde zima la Msimbazi halifiki kilomita za mraba 300. Ni dogo, na ni fupi. Mvua ikinyesha Pugu, maji yake yaweza kufika Jangwani kwa saa chache. Zamani sehemu kubwa ya mvua hiyo ilinywewa na ardhi ya mashamba, minazi na mikorosho. Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 270,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728 katika mkoa mzima. Kila mmoja wao ana haki ya kuwa na paa, na paa la bati halinywi maji, wala lami hainywi. Yote humwagika mtoni kwa pamoja.

Juu ya hayo kuna mchanga. Mji unaojengwa wataka mchanga, na kingo za Msimbazi na vijito vyake zimechimbwa mchana na usiku. Ukingo uliochimbwa huporomoka, mara nyingine pamoja na choo cha jirani, mara nyingine na chumba chake. Udongo huo husafiri mpaka mahali mto unapokuwa tambarare, nao ukachoka, ukautua mzigo. Mahali hapo ni Jangwani. Mwaka hata mwaka sakafu ya mto imepanda hata nafasi chini ya daraja la Barabara ya Morogoro ikawa ndogo mno. Maji yanapokuja hayana pa kupita ila juu. Na ikiwa siku hiyo ni ya bamvua, bahari nayo imejaa na kuziba mlango. Ndipo mji ukakatika vipande viwili: Magomeni huku, Kariakoo kule, na watu katikati wamevua viatu.

Katika bonde hilo hilo, na mahali pasipofaa hata kidogo, ikajengwa karakana ya mabasi yaendayo haraka, ambayo yalianza kazi mwaka 2016. Maji yamekwisha kuitembelea zaidi ya mara moja na kuharibu mabasi ya umma. Twajiuliza kama waliochora ramani ile walimwuliza hata mzee mmoja wa Magomeni. Bonde hili lilikuwa limeachwa wazi katika michoro ya mji tangu wakati wa Waingereza, kwanza lipitishe upepo wa bahari, baadaye kwa kuwa ni ardhi ya hatari. Jambo lililojulikana na karani wa ramani wa mwaka 1949 halikuwa siri.

Huwezi kusema hayo ukawanyamazia wale waliojenga nyumba zao humo. Mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba nyingi za bondeni zilitiwa alama ya X na kubomolewa. Wapo waliosema ni haki, kwa kuwa sheria ni sheria. Sisi tulisikiliza upande wa pili vile vile. Mtu aliyejenga Kigogo hakuvutiwa na mandhari ya mto. Alivutiwa na bei ya kiwanja, na kwa kuwa aweza kufika sokoni Kariakoo kwa miguu kabla ya alfajiri bila kulipa nauli. Ukimpeleka mbali umeuokoa uhai wake katika masika, na umemwondolea riziki yake katika miezi mingine yote. Ndiyo sababu wengine walirudi.

Na wapo kina mama na vijana wa mchicha. Matuta yao ni mazuri kuyatazama, ya kijani kibichi, yamenyooshwa kwa kamba. Maji ya kumwagilia huyachota mtoni, na mto huo umepita machinjioni, umepita viwandani, umepita vyoo vinavyofunguliwa usiku wakati wa mvua. Watafiti waliopima mboga na udongo wa bonde hili kwa miaka mbalimbali wamekuta humo madini mazito kama risasi na kromiamu, ambayo kuosha mboga hakuyaondoi, kwa maana yamo ndani ya jani. Mchicha huo huliwa na maskini na tajiri pia. Hauna alama sokoni. Mmoja wa walimaji wake, mama wa makamo, alituambia maneno haya: "Baba, mimi najua maji haya ni mabaya. Nionyeshe bomba nitakaloweza kulilipia." Hatukuwa na la kumjibu.

Mwezi Septemba 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi. Mpango ni kuuchimba na kuupanua mto katika sehemu ya chini, kuinua daraja la Jangwani, kuihamisha karakana, kuwalipa wenye nyumba, na kuifanya ardhi ile kuwa bustani ya mji. Ni mpango mwema, na mwenye kuubeza hajawahi kulala juu ya meza akingoja maji yapungue. Hata hivyo sehemu kubwa ya kazi hiyo iko chini, na ugonjwa waanzia juu. Mto uliochimbwa Jangwani utajaa tena ikiwa mchanga wa juu hautazuiliwa, na msitu wa Pugu ukiendelea kugeuzwa mkaa.

Hapa ndipo penye shida ambayo haihitaji mkopo. Mto Msimbazi huanzia mkoa mmoja ukaishia mkoa mwingine. Ukisha kuingia mjini, ukingo mmoja ni wa Ilala, na wa pili ni wa Ubungo au Kinondoni kwa kadiri unavyoshuka. Ilikuwapo halmashauri ya jiji iliyosimama juu ya manispaa zote. Ilivunjwa mwaka 2021, na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Hatusemi kwamba uamuzi ule ulikuwa mbaya, kwa maana gharama za halmashauri juu ya halmashauri zilikuwa kubwa. Twasema tu kwamba tangu hapo mto hauna mwenyewe mmoja mjini. Gari la taka la upande huu haliokoti taka ya upande ule, na taka yenyewe haijui mpaka. Huanguka katikati, ikaenda na maji. Yafaa kiwepo chombo kimoja chenye mamlaka kutoka Kisarawe hadi baharini, chenye uwezo wa kumtoza faini mchimba mchanga wa kingo zote mbili, na kinachotoa hesabu yake hadharani kila mwaka: kiasi gani cha mchanga kimezuiliwa, miche mingapi ya mikoko imepandwa na mingapi ingali hai. Hesabu ya miche iliyopandwa tumezoea kuisikia siku ya sherehe. Ile ya miche iliyo hai hatujaizoea.

Na katika bustani hiyo itakayojengwa, twaomba kiachwe kipande cha ardhi chenye bomba la maji safi kwa bei nafuu, kigawiwe kwa wale wa mchicha kabla ya viti na taa kuwekwa.