Njia Mbili za Maambukizi: Modeli za Kihisabati za Kipindupindu na Maamuzi ya Kisera

1. Utangulizi

Kipindupindu husababishwa na bakteria waitwao Vibrio cholerae, nao humfikia binadamu kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni maji ya ziwa, mto au kisima yaliyochafuliwa na kinyesi. Ya pili ni mgusano wa karibu: mikono, chakula na vyombo katika nyumba yenye mgonjwa. Makala haya yanaeleza kwa nini kutenganisha njia hizo ni muhimu kwa wanaogawa fedha za kinga, na kwa nini idadi ya wagonjwa pekee haitoshi kuzitenganisha.

2. Muundo wa modeli

Modeli nyingi za magonjwa ya kuambukiza zina msingi katika kazi ya Kermack na McKendrick ya mwaka 1927. Katika umbo lake jepesi, jamii hugawanywa katika makundi matatu: wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa na waliopona. Tien na Earn (2010) waliongeza sehemu ya nne, yaani maji. Walioambukizwa hutia vimelea majini, baadhi ya vimelea hufa, na vinavyosalia huambukiza wengine.

Katika modeli hiyo, uwiano wa msingi wa maambukizi, yaani wastani wa watu wanaoambukizwa na mgonjwa mmoja katika jamii isiyo na kinga, ni jumla ya mchango wa maji na mchango wa mgusano. Uwiano huo ukishushwa chini ya 1, mlipuko hufifia. Kwa mfano wa kinadharia, uwiano ukiwa 2, maji yakichangia 1.5 na mgusano 0.5, kupunguza maambukizi ya majini kwa robo tatu hushusha jumla hadi 0.875. Michango hiyo ikibadilishana nafasi, hata maji yote yakisafishwa, uwiano hubaki 1.5 na ugonjwa huendelea kuenea.

3. Tatizo la utambuzi

Vimelea vikifa upesi majini, mkunjo wa wagonjwa unaotokana na maji hufanana na ule wa mgusano. Vikidumu, maambukizi ya majini huchelewa na tofauti huonekana kwa urahisi zaidi.

Mji wa Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika nchini Kongo, unadhihirisha tatizo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulibaini kuwa wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka katika siku zilizofuata kukatika kwa maji ya bomba. Hata hivyo, bomba likikauka, familia huweza kuchota maji ziwani au mtoni, na pia kupunguza kunawa mikono na kuosha vyombo. Tukio moja hufungua njia zote mbili.

4. Hitimisho

Washauri wa sera wanapaswa kudai kwamba rejista za wagonjwa ziambatane na vipimo vya maji, tarehe za kukatika kwa bomba, na mfuatano wa wagonjwa wa nyumba moja. Chanjo ya kinywa hupunguza idadi ya wanaoweza kuambukizwa, hivyo hukinga dhidi ya njia zote mbili. Lakini kinga yake hupungua kadiri miaka inavyopita. Muda huo ndio wa kukusanya takwimu na kujenga miundombinu ya maji na vyoo.