Hesabu ya upepo na mipaka yake

Kila tunapomsindikiza jamaa uwanja wa ndege, hutujia swali: wahandisi walijuaje, kabla ndege haijaundwa, kwamba hewa itaibeba?

Njia mojawapo ni ya vipande. Katika miaka ya 1960, John Hess na A.M.O. Smith wa kampuni ya Douglas, Marekani, waliugawa uso wa ndege ndani ya kompyuta kuwa vipande vidogo bapa, mfano wa vigae vinavyofunika kuba. Kila kipande hupewa nguvu ya kuusukuma mkondo wa hewa, ambayo kiasi chake bado hakijulikani, kwa sharti moja: hewa iambae uso, isiupenye. Vipande 1,000 huleta milinganyo 1,000, na kompyuta huitatua kwa pamoja. Hapo hupatikana mwendo wa hewa na mgandamizo wake kila mahali usoni.

Njia hii ni nyepesi, kwani hugawa uso tu, si hewa yote iliyouzunguka. Lakini huichukulia hewa kana kwamba haina mnato. Bawa likiinuliwa mno, hewa halisi hubanduka juu yake na nguvu ya kuinua huporomoka. Hesabu yenyewe huendelea kuonyesha kuwa nguvu inaongezeka. Kuiamini hapo ni kuhatarisha roho za watu.

Ndiyo maana wahandisi huanza nayo, wasiishie nayo: hupima mfano wa ndege katika handaki la upepo, kisha ndege yenyewe angani. Nasi tuwafundishe watoto wetu wapendao hesabu kwamba, wakishapata jibu, waulize pia ni kitu gani hakikuhesabiwa.